Nusu Salfeti

Katika kijiji chetu, pale mteremko unaposhuka kutoka mashamba ya kahawa ya Oldeani kuelekea Karatu, Katarina aliitwa Ayo Salfeti. Ayo kwa Kiiraqw ni mama. Salfeti ni ule mfuko mweupe uliofumwa kwa nyuzi za plastiki, wenye mistari ya buluu. Mwanzoni salfeti lilikuwa jina la mbolea iliyokuja ndani ya mfuko huo, lakini mbolea yenyewe ilikuwa ya mashamba makubwa, na sisi wakulima wadogo tuliiona kwa mbali tu ikimwagwa kwenye mikahawa ya watu. Kilichotufikia ni mfuko mtupu, basi jina tukalipa mfuko. Katika miaka ya themanini, ukitaja salfeti kijijini kwetu, kila mtu alijua unasema kitu cha kubebea mahindi.

Mimi naitwa Marsela, na ua wangu umepakana na wa Katarina. Niseme wazi kwamba kukaa jirani naye si kazi nyepesi. Ni mkarimu, ni mchapakazi, lakini akishapata jambo la kujisifia hakuachii. Marehemu mume wake, Patrisi, alikuwa msokotaji wa kamba za katani. Kamba zake zilikuwa nzuri, ila huku kwetu masika ni matope na baada ya masika ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa miezi, na katani ikilowa hivyo inaoza. Patrisi alipofariki, Katarina akaachana na katani. Alipanda Oldeani na maharage yake, akabadilishana na vibarua wa kahawa, akarudi na mzigo wa salfeti tupu kichwani. Alikaa mlangoni akazifumua uzi mmoja mmoja, akashika ncha kwa kidole gumba cha mguu, akasokotea pajani. Ikatoka kamba nyeupe yenye buluu kidogo, nyepesi, isiyokatika hata ikivutwa na fahali.

"Haiozi," alisema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Siku ya mnada Karatu alisimama kati ya ng'ombe na vumbi, kamba zimemjaa mabegani, akiita: haiozi, haiozi. Wamasai walinunua za kufungia ndama, Wachaga wenye maduka walinunua za kufungia mizigo. Mimi mwenyewe nilinunua ya kuanikia nguo, na kila alipopita uani kwangu aliigusa na kuniuliza kama imeoza. Nilichoka. Mwaka wa pili nilitamani ioze ili nimnyamazishe tu.

Haikuoza, ila jua liliila. Kiangazi cha Karatu kina upepo mbaya, unaamka na vumbi jekundu na haulali mpaka limejaa kwenye ugali. Kamba ikikaa nje katika jua la namna hiyo, inapauka, inakakamaa, halafu inamomonyoka. Ukiipitisha mkononi inakuachia unga na vinyuzi vidogo kuliko nywele. Tuliona imekwisha, tukashukuru kwamba inajiondoa yenyewe. Mabaki ya ufumuaji ya Katarina nayo yalipeperuka hivyohivyo, yakakaa kwenye majani, kwenye miiba, kwenye nyufa za ardhi, yakingoja mvua za vuli.

Vuli ikija, mteremko wetu wote unatiririka kwenda mahali pamoja, kwenye lambo la kijiji. Lambo hilo ndilo tulilonywea, sisi na ng'ombe. Maji ya kwanza ya vuli huwa na utando wa kijani juu, na chini yake kuna vidudu vidogo vinavyorukaruka, ukiviona kwenye bilauri unadhani maji yanachemka. Vilikuwapo tangu bibi zetu. Tulichuja kwa kitambaa tukachemsha, tukanywa. Baada ya kamba za Katarina kuenea, kitambaa kilianza kubaki na vinywele vyeupe na vya buluu pamoja na vidudu. Tulikung'uta tukaendelea.

Mwaka wa themanini na nne kiangazi kilikaa mno. Majani yaliisha, ng'ombe wakawa wanalamba kuta. Katarina alikuwa na ng'ombe mmoja jike, Kijivu, mwenye mimba, na hakuwa wake. Alikuwa wa mzee Josephati, rafiki wa marehemu Patrisi. Sisi Wairaqw tunawekeana ng'ombe: mwenye wengi anampa asiye naye amtunze, maziwa yanakuwa ya mtunzaji, ndama wa mwenyewe. Haiandikwi popote. Ng'ombe akikufia, unampelekea mwenyewe ngozi na maneno yako, naye anayapima. Akiyakubali, mambo yamekwisha. Asipoyakubali hatakushtaki kokote, lakini habari itapita nyumba kwa nyumba, na hakuna atakayekuwekea ng'ombe tena. Kwa mjane asiye na mwingine, hapo ndipo maziwa yanapokoma.

Katarina alikuwa na salfeti kuukuu aliyowekea magadi ya kulambisha mifugo. Magadi yaliisha, mfuko ukabaki umetundikwa kwenye ua, una ladha ya chumvi mpaka kwenye nyuzi. Kijivu akaufikia. Katarina alimkuta anatafuna, mdomoni inaning'inia mistari ya buluu, akavuta akapata nusu. Nusu nyingine ilishashuka. Hakushtuka sana. Aliniambia kutoka upande wake wa ua, "Marsela, huyu ng'ombe njaa imempa wazimu, amekula nusu salfeti." Tukacheka.

Mvua zikaanza, majani yakachipua, na Kijivu hakula. Aliacha kucheua. Ubavu wa kushoto ukapanda, ukawa mgumu, akasimama kichwa chini huku ng'ombe wengine wakipita kwenda malishoni. Katarina alimnywesha mafuta ya alizeti, akamtembeza, akamkanda ubavu kwa ngumi mpaka mikono ikamuuma. Asubuhi moja nilimwona amekaa kwenye matope karibu naye bila kusokota chochote, na mimi sijawahi kumwona Katarina mikono mitupu. Nilimwogopea yeye kuliko nilivyomwogopea yule ng'ombe.

Alisimamisha lori la kahawa lililokuwa linashuka, akamwambia dereva, Clemensi, apite kwa bwana mifugo Karatu. "Mwambie ng'ombe wa Katarina amekula salfeti, anakufa, aje upesi." Clemensi alifikisha neno kwa neno. Hakupunguza wala kuongeza.

Bwana mifugo wetu wakati huo alikuwa Leodegar, kijana wa Kilimanjaro aliyesoma chuo, mpole, anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka kwa sababu hakuamini hali ya hewa yetu. Kwake salfeti ilikuwa mbolea, tena mbolea inayoua ng'ombe haraka akiilamba. Alipakia pikipiki yake chupa za siki, ambayo walifundishwa kumnywesha ng'ombe aliyekula sumu ya namna hiyo, akapanda mlima katika utelezi.

Barabara inapita lambo. Mimi nilikuwepo, debe limejaa, najitwika. Leodegar akasimamisha pikipiki, akatazama ukingo wa maji. Mvua ilikuwa imeshusha vipande na unga mweupe wa kamba, umejikusanya pembeni kama povu la chumvi.

"Mama, mwaga hayo maji," aliniambia.

"Nimwage kwa nini? Nimeyashukia kilima hiki kwa miguu."

"Mwaga tu. Lambo limeingia salfeti."

"Salfeti imo humu tangu zamani," nilimjibu, maana ni kweli.

Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akaniuliza ni nani mgonjwa nyumbani kwangu. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza watoto wanatapika. Nikamwambia hawatapiki, wana njaa tu. Akawageukia wanawake wengine akasema maji yana sumu, asiguse mtu, wala ng'ombe asisogee, na mwenyekiti aitwe. Hapo tukaogopa kweli. Mtu aliyesoma akikuambia umekunywa sumu, tumbo linaanza kuuma palepale. Antonia, binti wa Josephati, aliketi chini akashika tumbo lake la mimba na kuanza kusali. Wengine wakakata matawi ya miiba kuzungushia lambo. Nikamwaga debe langu, na moyoni nikamlaani Katarina na kamba zake, halafu nikakimbia nyuma ya pikipiki nikajue yatakuwaje.

Mzee Josephati alikuwa amefika uani kwa Katarina kabla yetu. Alikaa juu ya gogo, fimbo katikati ya magoti. Katarina naye hakuthubutu kumtazama. Leodegar akashusha chupa zake.

"Mama, amekula salfeti?"

"Amekula, baba."

"Kiasi gani?"

"Nusu."

"Nusu kilo?"

"Nusu salfeti," alisema Katarina. "Ningewahi, nusu hiyo nayo ningeiokoa."

Leodegar alivua kofia. "Nusu mfuko. Lini?"

"Kabla ya mvua. Wakati wa upepo."

"Kabla ya mvua," alirudia, akamtazama Kijivu kuanzia pembe hadi mkia. "Mama, huyu angekuwa amekufa siku ileile."

"Si unamwona amesimama."

"Namwona, ndiyo maana nashangaa." Alizibua chupa. "Mshikeni kichwa, nimpe siki."

"Siki ya nini?"

"Ya kupunguza sumu."

"Sumu ipi?"

"Ya salfeti, mama."

Hapo Katarina akasahau kwamba ng'ombe anakufa na mwenye ng'ombe yuko nyuma yake. Ukigusa kazi yake umemgusa jicho. "Salfeti zangu hazina sumu," alisema. "Kila moja naiosha mimi mwenyewe, naianika, ndipo nasokota. Uliza Karatu nzima."

Leodegar akabaki na chupa hewani. "Unaosha mbolea?"

"Mbolea gani?"

"Unaianika, halafu unaisokota?"

Mimi nilikuwa nimeshika pembe moja na bado sijaelewa. Aliyeelewa kwanza ni Josephati. Tulimsikia anakohoa, tukadhani ni moshi, kumbe anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Akainuka, akaenda kwenye ua, akachomoa ile nusu ya salfeti iliyobaki, imeliwa pembeni, akampa Leodegar mkononi.

"Hii ndiyo salfeti, bwana mifugo," alisema. "Hiyo yako sisi hatuna pesa ya kuinunua, sembuse kumlisha ng'ombe."

Leodegar aliugeuza mfuko, akaunusa, akaweka chupa ya siki chini polepole. Kisha akakaa kwenye gogo la Josephati, akafuta uso kwa kofia. "Nilikuja kumzika huyu ng'ombe," alisema. "Njiani nilikuwa nafikiria jinsi ya kuwaambia msile nyama yake. Na kule lamboni nilikuwa nawahesabu watoto." Alivuta pumzi kwa nguvu. "Kama ni mfuko, mfuko unatoka."

Sijui kama mtu asiyekuwepo anaweza kuelewa jinsi sentensi hiyo ilivyotushukia. Tumbo langu, lililokuwa linauma tangu lamboni, liliacha kuuma.

Lakini kutoka kwake si kwa dawa ya kunywa. Leodegar alieleza: atamchoma sindano ya ganzi, atapasua ubavu wa kushoto akiwa amesimama, atafungua tumbo lenyewe, aingize mkono, atoe. Ng'ombe wanapona. Wengine hawaponi. Na huyu ana ndama ndani. Alimgeukia Josephati. "Mzee, wewe ndiye mwenyewe. Unasemaje?"

Josephati aliokota fimbo yake. "Ng'ombe yuko kwa Katarina," alisema. "Muulize shemeji."

Nilimwona Katarina anainamisha uso. Tangu asubuhi alikuwa amejiandaa kwa maneno ya kupeleka pamoja na ngozi, nilimsikia anayafanyia mazoezi jikoni. Kwa hili hakuwa na neno tayari. Alimshika Kijivu sikio, akasema, "Mpasue."

Tulichemsha maji, tukatoa sabuni yote iliyokuwepo, ya kwake na ya kwangu, na sabuni mwaka ule haikuwa kitu cha kuchezea. Leodegar akaomba kamba ya kumfunga kwenye mti, tena madhubuti. Katarina aliingia ndani akatoka na kamba yake mpya ya salfeti, akamfunga mwenyewe.

Mimi nilishika pembe na kufumba macho, kwa hiyo sehemu hiyo siwezi kuisimulia vizuri. Nilisikia wembe, nikasikia upepo wa tumbo unatoka na harufu yake ikatufikia sote. Nilisikia Leodegar anajisemea Kichaga, mkono wake umezama hadi begani. Nilipofumbua alikuwa anavuta. Kilitoka kidogokidogo, kirefu, kimejisokota: mfuko wa magadi, na ndani yake vipande vya kamba tulivyovitupa sisi wote, cha kwangu cha kuanikia nguo kimo, nilikitambua kwa fundo. Donge zima lilikuwa kama boga. Kijivu akashusha pumzi ndefu, na ubavu uliokuwa umesimama ukalala.

Leodegar alishona. Katarina alilichukua lile donge akalisuuza kwenye beseni. Uchafu ulipotoka, mistari ya buluu ikaonekana inang'aa kama siku iliyotoka dukani.

"Haijaoza," alisema Josephati.

Alimaanisha kutania, ni mtani sana yule mzee. Katarina hakucheka. Alilikamua, akalitazama, akalikamua tena.

Jioni ilipokaribia, Kijivu alilamba maji. Leodegar akasema sasa twende lamboni kwa sababu watu wamekaa na kiu kwa ajili yake. Tuliwakuta bado wamesimama nyuma ya miiba na madebe matupu. Alipanda juu ya jiwe akaomba radhi, akaeleza kwamba salfeti yetu na salfeti yake ni vitu viwili, na kilichomo majini ni nyuzi tu, si mbolea. Mtu mmoja akaanza kucheka, kicheko kikaenda ukingo mzima. Antonia alilia kwa furaha na kumlaumu bwana mifugo papo hapo, anamwita baba na kumkaripia kwa pumzi moja. Miiba ikaondolewa. Kila mtu alichota. Nilijaza debe langu kwa mara ya pili siku ile na sikuona uzito wake.

Leodegar alikuwa mtu wa kutaka uhakika. Alichota maji kwenye chupa tupu, akatoa kioo chake kidogo cha kukuzia, kile anachotazamia kupe, akamwaga tone kwenye kiganja na kuinama. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akampa Katarina kioo.

Nami nilitazama baada yake. Kile kidudu kinachorukaruka kumbe kina mwili kama kioo, unaona mpaka ndani. Kina jicho jeusi. Kina tumbo, kama uzi wa kijani uliopinda. Na katika lile tumbo palikuwa na kidoa cha buluu. Buluu ile haipo kwenye majani wala kwenye udongo wetu. Sote tuliijua imetoka wapi.

"Huyu naye amekula salfeti," alisema Katarina.

"Amekula," alisema Leodegar.

"Na huyu utampasua?"

Leodegar alikung'uta kiganja chake majini. "Huyu hapana, mama," alisema.

Kijivu alizaa masika yaliyofuata, ndama jike, kovu ubavuni kwa mama limefunikwa na manyoya meupe. Desturi inasema ndama ni wa mwenye ng'ombe. Josephati alikuja, akamtazama, akanywa maziwa kwenye kibuyu, akaondoka mikono mitupu. Alimwacha ndama kwa Katarina naye amtunze. Habari hiyo ndiyo iliyopita nyumba kwa nyumba, na mimi nilihakikisha imepita. Katarina aliisikia ikirudi kwake kutoka Mbulumbulu na akajifanya haimhusu.

Hakuacha kusokota, angekula nini. Lakini kila mwaka, upepo ukianza kutulia na mawingu ya vuli yanajikusanya juu ya Oldeani, alishuka mteremko na kikapu, ameinama, akiokota vipande kwenye miiba na nyufa kabla maji hayajavichukua. Mwanzoni tulimcheka. Halafu nikachukua kikapu na mimi, kwa kuwa nilichoka kumwona mgongo wake peke yake. Tuliokota tulichoweza. Vile vidogo kuliko nywele havishikiki, na tukichuja maji bado vinabaki kitambaani.

Mnadani nako hakuita tena. Mteja akija, alishika kamba, akaivuta, akauliza kama wanavyouliza wote, "Mama, inaoza hii?"

"Haiozi," alijibu Katarina, taratibu, anamwangalia usoni. "Ndiyo maana ikikuchakalia usiitupe. Nirudishie."